Mama Ameanza Kusema Tafadhali

Buffalo, Jumapili, Novemba 2015

Shajara yangu,

Leo upepo wa hapa umetoka ziwani na meno yake yote. Nimevaa makoti mawili, langu na la mdogo wangu Diyo, na bado vidole vinagoma kuandika. Theluji haijaanguka ila imeshatuma salamu. Hata hivyo moyo wangu uko juu. Mtu akiniuliza hali leo nitamjibu kwamba mimi ni mzima kuliko jana, na hata jana nilikuwa mzima kuliko wengi.

Kwa wageni waliopotea njia wakaangukia blogu hii: mimi ni Baba Keza, Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, mkazi wa Columbus, dereva wa gari la mizigo. Nasema lugha saba, nne kwa mdomo na tatu kwa mikono. Shule niliishia darasa la sita, chini ya turubai, tena si kwa ujinga. Turubai lilipeperushwa na upepo, na mimi nikachukulia kwamba hayo ndiyo mahafali. Tangu hapo dunia ndiyo mwalimu wangu, na pale inapokosea naisahihisha.

Kazi yangu ndiyo inayowalisha nyinyi. Unga wa muhogo, mawese, dagaa, pilipili. Alhamisi napakia Louisville, Ijumaa nashusha kwenye maduka ya Morse Road kule kwetu Columbus, Jumamosi nafika huku Buffalo. Mkongo wa East Side akila ugali wa muhogo Jumapili baada ya ibada, ajue nimepita.

Wiki hii nilibeba mzigo mwingine juu ya mizigo hiyo. Nilimbeba mama yangu mzazi, anihame.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati mtanipotea.

Mama alitufikia Columbus mwaka jana, baada ya kubaki kambini miaka mingi akisubiri jina lake liitwe. Alikuja na vitu vitatu: mwiko wake wa mti, picha ya marehemu baba, na ulimi. Mwiko ukaingia jikoni. Picha tukaitundika sebuleni, mkabala na televisheni, ili mzee naye aone mpira. Ulimi ukaanza kazi siku ile ile, na kazi yake ilikuwa binti yangu Keza.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Hilo halifundishwi, mtu analikuta. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, kwa kuwa wote wawili ni wake za babu, na wake wenza wakikaa kimya basi mmoja wao anaumwa. Kwa hiyo Mama hakumwacha mtoto apite bure. "Kichwa hicho kama sufuria ya msibani." "Mume wetu aliumwa macho, ndiyo maana akakuchagua." "Umekuja juzi tu, na umekaa kwenye kochi langu kama mwenye nyumba. Nitakufukuza." Keza akimwamkia shikamoo, Mama anaikataa. "Mimi mke mwenzako unaniamkia? Unataka mume aone kwamba mimi ndiye mzee?"

Mimi nilikuwa nacheka mpaka naegemea ukuta. Kambini nilikuwa na mabibi mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kuniita kwa jina langu la ubatizo.

Keza ana miaka tisa. Alifika Marekani akiwa anabebwa mgongoni. Kiswahili anakielewa chote, ila anakijibu kwa Kiingereza, kama mtu anayepokea faranga na kurudisha dola. Kwa Mama alikuwa hajibu kabisa. Anainamisha macho, anapita. Sisi watu wazima tukatazamana, tukasema: mtoto huyu ana heshima.

Kumbe wapi.

Alhamisi niko Louisville, nyuma ya duka, naingiza magunia garini. Simu ikalia. Mke wangu. Mama Keza anatunza wazee wa watu kwa zamu, ameona mengi, si mtu wa kulia ovyo. Alikuwa analia.

Kule shuleni, anasema, wamekuwa na somo la watoto kuoneana. Mwalimu akawauliza watoto kama kuna anayesemwa vibaya kila siku asijue la kufanya. Keza akanyoosha mkono. Baadaye mwalimu akamwita pembeni, akamsikiliza, na jioni akapiga simu nyumbani.

"Amesema anaonewa na nani?" nikauliza.

"Na bibi."

"Bibi yupi?"

"Baba Keza, humu ndani una mabibi wangapi?"

Tajiri wangu, Mkongo wa Bukavu, mtu mwema mwenye haraka, akachungulia mlangoni. "Bon, unapakia ao unaongea?"

"Napakia huku naongea, patron. Mungu aliniumbia mikono na mdomo vifanye kazi pamoja."

Nilimjibu kwa mzaha, lakini gunia nililokuwa nalo nililirudisha dukani badala ya garini. Mwalimu hakuwa mkali. Mke wangu mwenyewe anasema alikuwa na sauti ya huruma, alitaka tu kujua kama mambo nyumbani ni salama. Lakini nyinyi wa kwetu mnaonisoma mnajua tunavyosikia maneno "shule imepiga simu". Kila kanisa letu lina hadithi ya familia iliyochukuliwa watoto. Ukiuliza jina la familia, utaambiwa ni ya jimbo lingine. Ukienda jimbo hilo, watakuelekeza kwenye jimbo lako.

Shajara, nakwambia wewe peke yako, pamoja na wote wanaosoma hapa: niliogopa.

Ijumaa nilishusha mzigo wa Morse Road mbio mbio, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Mimi niliyewahi kuwalainisha askari wa mipaka mitatu kwa mdomo mtupu, nilisema hivi, neno kwa neno:

"Mama, huku mtoto hataniwi. Wanaona ni matusi."

Akacheka, akidhani ni mojawapo ya zangu. Halafu akanitazama usoni.

"Mtoto amenishtaki?"

"Hajakushtaki, Mama. Amesema tu."

"Amesema kwa nani?"

"Kwa mwalimu."

Akafuta kisu taratibu kwenye khanga. "Sawa, mwanangu. Sitamtania tena."

Nikajipongeza. Nikamwambia mke wangu: umeona? Jambo la watu wengine kuitisha kikao, mimi nimelimaliza kabla ndizi haijachemka.

Alasiri basi la njano likamshusha Keza. Akaingia, begi mgongoni. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama," akajibu Mama. "Habari za shule? Naomba unipishe nipite, tafadhali."

Tafadhali.

Mnisikilize. Mimi namjua mama yangu. Neno hilo nimelisikia kinywani mwake mara nyingi, na kila mara alikuwa amesimama mbele ya mtu mwenye mhuri. Alilisema kwa wanajeshi mpakani. Alilisema kwa karani wa mgao wa unga, na kwa nesi wa kambini usiku ule baba alipokuwa anakata roho. Hakuwahi kulisema kwa mtu aliyelala chini ya paa moja naye. Kwa watu wake Mama anasema "lete", anasema "toka", anasema "wewe mjinga, umekula?"

Keza akampisha. "Thank you, Bibi," akasema.

"Asante wewe, mama."

Nyumba ikawa na adabu kama ofisi. Mimi na mke wangu tukala chakula cha jioni kwa kunong'ona. Na Mama alipomaliza kula akasema, "Kesho nakwenda na wewe Buffalo kwa Diyo."

"Kumsalimia?"

"Kumwona."

Nilipopita mlangoni kwake nilimwona anapanga nguo zake kwenye ule mfuko mweupe wa plastiki wanaopewa wakimbizi, ule ambao kila mmoja wetu alishuka nao uwanja wa ndege kifuani kama kitoto. Juu ya nguo aliweka mwiko. Mwanamke wa kwetu hasafiri na mwiko wake kwenda kusalimia. Akisafiri nao, anahama.

Asubuhi, tunatoka, nikaona picha ya baba bado iko ukutani.

"Mama, na mzee je?"

"Mwacheni. Yeye hajamtukana mtu."

Jumamosi mke wangu alikuwa na zamu, kwa hiyo Keza naye akapanda garini. Gari langu lina viti vitatu mbele. Nikaendesha mimi, Mama akakaa dirishani, mtoto katikati, na nyuma yetu tani ya muhogo. Tukapita Cleveland, tukafuata ziwa. Nikatoa vichekesho vyangu vitatu vya kuaminika. Hakuna aliyecheka. Kufika cha tatu hata mimi nikaanza kukitilia shaka.

Keza akamnyooshea bibi yake pakiti ya viazi vya kukaanga. "Asante sana, mama, nimeshiba," akasema Mama, naye alikuwa hajala tangu alfajiri. Keza akaikunja pakiti, naye hakula. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kama Bibi anaumwa. Nikamwambia amechoka.

Mimi ndiye niliyekuwa nimechoka. Kukaa kati ya watu wawili wenye adabu ni kazi nzito kuliko magunia.

Kabla ya kufika Buffalo barabara kuu inakata ardhi ya Waseneka, wenyeji wa nchi hii tangu kabla Wazungu hawajaijua. Mimi mafuta nanunua kwao siku zote, na wananifahamu, maana hakuna kituo cha mafuta ninachopita nisifahamike. Mama akauliza hawa ni watu gani. Nikamwambia ndio wenye nchi.

"Wenye nchi? Na wamebakiwa na kipande hiki cha pembeni mwa barabara?"

"Wana zaidi kidogo, Mama. Ila si sana."

Akatazama nje. "Kumbe mtu anaweza kuwa mkimbizi bila kuhama," akasema. Ndilo neno pekee alilosema safari nzima bila adabu, na nililifurahia kama mvua.

Diyo ni kapera, anafanya kazi kiwanda cha madirisha, anakaa nyumba ya ghorofa mbili East Side na anakula mayai siku zote. Alipouona mwiko unachomoza mfukoni alifurahi kama aliyeletewa mchumba. Akanivuta uani. "Kaka, anabaki? Kaka, nakuomba, usiniharibie."

Nikaanza kushusha magunia. Ndugu yangu ana haki ya kulishwa na mama yake. Lakini mimi nilikuwa nawaza nyumba ya Columbus na ile picha ukutani, na msichana wa miaka tisa anayeitazama bila mtu wa kugombania naye mume.

Hayo ndiyo niliyolala nayo. Sasa nije leo.

Tumetoka kanisani, Mama ameketi mezani na kitenge chake cha ibada, na mara mlango unagongwa. Ni Mzee Ray, anayefanya kazi na Diyo kwenye mashine moja. Mtu mkubwa kama jokofu, miaka sitini hivi, nywele nyeupe amezifunga nyuma. Anachekesha watu lakini mwenyewe hacheki. Ameleta sufuria ya supu kwa sababu Diyo alimwambia mama yake amekuja.

Mama akaonja kwa heshima. Akaonja tena bila heshima. Mahindi meupe, maharage, nyama kidogo.

"Hii ni kande," akasema. "Nani kawafundisha Wazungu kande?"

"Huyu si Mzungu, Mama. Ni Mseneka, kama wale wa mafuta."

Mama akamtazama upya, toka nywele hadi viatu. "Muulize ganda la mahindi analitoaje."

Nikamuuliza. Akasema kwa majivu, wanayachemsha nayo. Mama, aliyetwanga maisha yake yote kwenye kinu, akatikisa kichwa polepole, fundi kwa fundi. Nikajua tumepata mgeni.

Keza akaleta maji. Akampa bibi yake kwa mikono miwili. Asante sana, mama. Karibu, Bibi. Tafadhali weka hapa. Mzee Ray aliwatazama hawa wawili, akanigeukia.

"Wamekutana leo?"

"Hapana. Ni bibi yake, wanakaa nyumba moja."

"Mbona wanaongea kama wako benki?"

Basi nikamweleza. Nikamsimulia yote kwa Kiingereza changu, wake wenza, sufuria ya msibani, somo la shuleni, simu. Nilisimulia vizuri, kwa mikono na macho, kama ninavyosimulia mambo yangu yote. Diyo alicheka mpaka akapaliwa. Mzee Ray hakucheka, nikadhani ni tabia yake. Kisha akaweka kijiko chini.

Akasema bibi yake alichukuliwa akiwa mdogo kuliko Keza. Serikali ilikuwa na shule za watoto wa kwao, za kulala huko huko, ili watoke wakiwa kama Wazungu. Siku ya kwanza walimkata nywele. Akisema lugha ya nyumbani, anaoshwa mdomo kwa sabuni. Miaka ikapita. Nyumbani kwao nao, anasema, kuna jamaa wenye ruhusa ya kukutania, na jamaa hao walikuwa wamemwekea maneno yake, maneno ya miaka yote ile, wamchokoze atakapoingia mlangoni.

Nilikuwa namtafsiria Mama sentensi kwa sentensi. Mimi ni mtafsiri mzuri, sikwami.

"Akaingia," akasema Mzee Ray, "msichana mkubwa, viatu vinang'aa. Akampa mama yake mkono. Akaomba maji kwa Kiingereza, akasema tafadhali."

Nikakwama.

"Tafsiri," akasema Mama.

"Alisema tafadhali, Mama."

Mama akamgeukia Mzee Ray. Halafu akaniambia, "Muulize yule mama yake alifanya nini."

Mzee Ray akatikisa kichwa. "Hakufanya kitu. Aliogopa kumgusa. Alidhani huyu sasa ni mtu wa wakubwa. Akampa maji kwenye kikombe kizuri, kile cha wageni. Wakaheshimiana mpaka wote wawili wakafa." Akaokota kijiko, akakiweka tena. "Mama yangu alilelewa kwenye nyumba hiyo. Safi sana. Kimya sana. Mimi mzaha nimeujua ukubwani, kwa shangazi mmoja ambaye watu walimficha msituni wachukuaji walipokuja. Huyo hakujua tafadhali kwa lugha yoyote."

Nikaona nipooze mambo. Nikasema, afadhali sisi, sisi hakuna anayetunyang'anya, watoto wetu tunawapandisha wenyewe basi la njano na kuwapungia mkono.

"Usifananishe," akasema Mzee Ray, bila ukali. "Wetu walizuiwa kurudi. Wako anarudi kila alasiri. Tatizo lako ni nini?"

Shajara, lugha saba. Nikazitumia kuomba supu zaidi.

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo sikulifikiria. Nilikuwa nahangaika kumtafsiria Mama, nikamsahau yule ambaye hakuhitaji tafsiri. Keza alikuwa ameisikia habari yote kabla ya bibi yake, moja kwa moja, kutoka kinywani mwa mwenyewe. Alikuwa amesimama na jagi la maji, macho makubwa.

"Yule mama alimkasirikia?" akamuuliza Mzee Ray.

"Hapana. Alidhani anafanya anachotaka mtoto."

Keza akaweka jagi mezani, akaenda jikoni. Nikamfuata. Alikuwa anatazama sinki. Aliyosema aliyasema kwa Kiingereza chake cha puani, mimi nayaandika kwa lugha ya wenye akili.

"Bibi aliacha kwa sababu nilisema kwa mwalimu?"

Nikamwambia hakukosea kusema. Neno likikuuma, lisemwe, ila siku nyingine nami niambiwe, maana mimi ni baba na pia napenda habari. Halafu nikamuuliza, "Bibi anamwambia nani mwingine maneno yale? Daktari?"

"Hapana."

"Mchungaji?"

"Hapana. Kwa mchungaji ni mpole kabisa."

"Kwa nini?"

Akafikiri. "Kwa sababu mchungaji ni mgeni."

Nikasuuza kikombe, nimwache alione mwenyewe. Akaliona. Niliona likiingia usoni kama taa inavyowashwa chumba cha ndani.

Nikamweleza na la mume. Akakunja pua. "Lakini Babu amekufa!"

"Ndiyo. Na bado mnamgombania. Kwa hiyo hajafa sana."

"Kwa hiyo nilitakiwa kujibu?"

"Tangu mwaka jana."

"Neno lolote?"

"Lolote linalomchoma mke mwenza. Mwalimu niachie mimi."

Tukarudi mezani. Mama alikuwa anatazama bakuli lake, hali. Kitenge kimemkaa vizuri, mikono imekunjwa, mwanamke wa kuheshimika kabisa. Akasema, bila kuinua macho, "Keza, mama, nipitishie chumvi, tafadhali."

Keza hakusogea.

Niliona vidole vyake vinashika ukingo wa meza. Kiswahili chake kikatoka kinachechemea, lakini kilitoka:

"Chukua mwenyewe, mke mwenza. Mume yetu alisema wewe mvivu."

Diyo akaacha kutafuna. Mama akainua uso polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina aliloliacha ng'ambo.

"Nani kasema?"

"Mume yetu."

"Alikwambia lini, wewe mwongo, na alikufa hujaota hata jino?"

"Aliniambia mimi tu," akasema Keza. "Wewe hukuwepo. Ulikuwa unakoroma."

Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Akasimama. Akapiga makofi mara moja, pa! "Yesu wangu! Kichwa cha sufuria ya msibani, kumbe ndani mna mchuzi!" Na akacheka, shajara, akacheka mpaka kitenge cha kichwani kikaanguka kwenye kande ya watu. Alimvuta mtoto kwa sikio, akamkumbatia kichwa kile kile anachokitukana. Machozi yalikuwepo. Hayo hakuna aliyeniomba niyatafsiri.

Mzee Ray akauliza amesema nini. Nikamwambia. Na yule mtu asiyecheka akacheka, meza ikatikisika.

"Diyo," akasema Mama, akifuta macho, "lete mfuko wangu."

"Mama! Si umefika jana tu?"

"Nikibaki huku, huyu mwizi atabaki na mume peke yake kule ukutani. Unataka nirudi nikute nimepewa talaka? Lete mfuko. Na mwiko usisahau."

Diyo alinitazama kama nimemtorosha mchumba mlangoni mwa kanisa. Nimemwachia gunia la unga na pole zangu. Mama amemwachia sufuria nzima ya maharage, na onyo kwamba atafute mke kabla mayai hayajaanza kumwita kwa jina.

Tunaondoka baada ya chai hii, Keza awahi shule kesho. Na kesho mimi nitakwenda naye. Nitavaa tai. Nitamshukuru mwalimu wake kwa kumsikiliza mtoto, maana alimsikiliza wakati mimi nilikuwa naegemea ukuta nikicheka. Halafu nitamweleza wake wenza, babu, na sufuria ya msibani, kwa utulivu, nusu saa, na kama hataelewa nitamkaribisha nyumbani ale. Nikishindwa mimi, atamwelewa Mama. Sijawahi kushindwa, lakini siku hizi najiwekea akiba.

Na alasiri zile ninazokuwa nyumbani, basi la njano likisimama nitakuwa mlangoni. Sitakuwa nimelala kochini kama jokofu bovu.

Nauliza tu, nikiwa peke yangu hapa barazani na makoti mawili: ni wangapi kati yetu tuna watoto wenye heshima kumbe ni wageni?

Sebuleni namsikia Mama anamvalisha Keza koti. Anamwambia afunge vizuri, maana kichwa kikubwa namna hiyo kikishikwa na baridi hakuna hospitali yenye mto wa kukitosha. Keza anamjibu kwamba mume yao alipenda vichwa vikubwa. Anajibu kwa lugha mbili zilizochanganyika, na sijasikia tafadhali hata moja.

Kesho kutakucha, na Mungu akipenda kutakucha na matusi.